Pasi ya Saa Sita Mchana

Hapa kwangu Kitengela, nguo za shule hupigwa pasi saa sita mchana, maharagwe huwekwa kwenye jiko la umeme saa tano, na pampu hujaza tangi kabla ya saa tisa. Zamani kazi hizi zote zilikuwa za jioni. Tangu paneli nane za wati 550 zipande juu ya paa, anayepanga ratiba ni jua.

Laini ya stima hatukuiacha. Paneli, betri ya lithiamu na laini, vyote vinaingia kwenye inveta moja, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri kuwa wa kutumika nyumbani. Jua likiwaka, nyumba inatumia ya jua kwanza, ziada inaingia kwenye betri. Usiku tunakula betri, ikishuka tunarudi kwenye tokeni, stima ya laini tunayolipia kabla ya kutumia. Shawa ya umeme tu ndiyo imebaki kwa laini, maana ingeimaliza betri kabla watoto hawajaoga wote.

Watu huniuliza kama nauzia laini ziada yangu. Hapana. Kanuni za Kenya za mwaka 2024 zinaruhusu, lakini ukipeleka uniti moja unahesabiwa nusu, tena kwa kupunguziwa bili, si pesa mkononi. Uniti ninayoitumia mwenyewe mchana ni uniti nzima, ndiyo maana pasi imehama. Halafu kuna mita: zipo za tokeni ambazo stima ikitoka kwako zinaihesabu kama umeitumia, ukakatwa kwa jua lako mwenyewe. Fundi wetu alifunga kihisi kidogo kwenye waya unaotoka kwa mita, inveta inakisoma na kujipunguza kabla stima haijavuka kwenda nje.

Bei ya tokeni nayo imeshuka. Tangu 2023 sisi wa majumbani tumegawanywa kwa matumizi ya mwezi: hadi uniti 30, hadi 100, na zaidi ya 100. Tulikuwa kundi la juu, sasa tuko la kati, kwa hiyo hata zile chache tunazonunua kila moja ni nafuu.

Kazi ipo, sikatai. Vumbi la huku ni adui. Kijana wetu hupanda alfajiri, paneli zikiwa bado baridi, na sponji laini na maji matupu, na maji yanayoshuka kwenye mfereji huwa rangi ya chai ya maziwa. Na Julai wingu likigoma kuondoka, betri haijai, tunanunua tokeni kama kila mtu.

Linaloniuma ni la jirani yangu. Stima ilipotea adhuhuri, jua la kuchoma utosi, akaja getini.

"Mama Wanjiku, mbona friji yako inanguruma na yangu imezima? Si mimi nina paneli nyingi kuliko wewe?"

"Baba Achieng, sola yako haina betri. Inveta ya aina hiyo ikikosa laini inajizima. Fundi wa laini akiwa juu ya nguzo anashika nyaya akijua hazina moto, stima ya paa lako ingemuua."

Alinyamaza kitambo. Alikuwa amelipa pesa nyingi, na hakuna aliyemweleza hilo. Nilikasirika kwa niaba yake, na bado nimekasirika. Tumeona stima ikipotea karibu Kenya nzima, kama Agosti 25, 2023. Mtu akinunua paneli katika nchi hii anafikiria siku kama hiyo, na muuzaji anajua hivyo.

Paneli zake ni nzuri, zitabaki. Inveta ndiyo anabadilisha, na betri anaiwekea akiba kwenye chama. Nimemwomba asimalizie malipo mpaka fundi azime swichi kuu ya laini mchana, mbele yake, na friji iendelee kunguruma.