Mgonjwa naye aulizwe

Moshi, 17 Septemba

Leo ni Siku ya Usalama wa Mgonjwa Duniani. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliianzisha mwaka 2019, na mwaka 2023 kaulimbiu yake ilikuwa kupaza sauti ya mgonjwa. Kutwa nzima nimekuwa nikimfikiria shangazi.

Shangazi ana kisukari, na safari hii alilazwa kwa kidonda cha mguu katika hospitali moja hapa mjini. Asubuhi moja alichomwa insulini, dawa ya kushusha sukari mwilini, kama kawaida, nusu saa kabla ya kula. Chakula chake, kama cha wengi wodini, hutoka nyumbani. Binamu yangu alikuwa getini tangu saa kumi na mbili, chupa ya uji wa ulezi mkononi, na geti limefungwa. Usafi ulikuwa umechelewa kuisha, na mlinzi ameagizwa asiingize mtu mpaka wafanya usafi watoke. Nusu saa ikawa saa nzima na zaidi. Shangazi akaanza kutoka jasho, mikono inatetemeka, maneno hayaeleweki. Aliyemwahi ni mama wa kitanda cha jirani: alimnywesha soda iliyobaki jana yake, huku akimwita nesi kwa sauti ya juu. Nesi akaja mbio, akapima sukari, akamtundikia glukosi. Shangazi akarudi sawa.

Kwenye faili iliandikwa kwamba sukari ilishuka, mgonjwa akapewa glukosi. Ni kweli kabisa. Ila geti halimo. Nesi asingeweza kujua habari za geti, yeye alikuwa ndani. Mlinzi hakujua habari za sindano, yeye yuko nje. Waliokuwa na kisa kizima ni shangazi, binamu na yule mama wa jirani, na hakuna aliyewauliza.

Hapo ndipo ninapoumia. Hospitali inaweza kukaa kikao, ikapitia faili, ikamhoji nesi, ikaishia kusema wauguzi wawe makini zaidi. Kesho geti linachelewa tena. Wahudumu hupokezana zamu. Anayekuwepo asubuhi, usiku, siku ya raundi na siku ya kubadilishiwa dawa ni mgonjwa na ndugu anayemuuguza. Kumwacha nje ya uchunguzi ni kumwacha shahidi pekee aliyeona mambo tangu mwanzo hadi mwisho.

Si jambo dogo. WHO inakadiria kwamba kati ya wagonjwa 10 duniani, karibu mmoja hupata madhara yanayotokana na huduma yenyewe, na zaidi ya nusu ya madhara hayo yanazuilika. Sisi Watanzania tuna kumbukumbu yetu. Mwaka 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walibadilishana upasuaji bila wenyewe kujua: wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Nchi nzima ilishtuka. Mwaka uliofuata WHO ilitoa orodha ya ukaguzi kabla ya upasuaji, na jambo la kwanza kabisa ndani yake ni mgonjwa mwenyewe, kabla hajapewa nusu kaputi, kuthibitisha jina lake, sehemu inayopasuliwa na kinachokwenda kufanyika. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa ya Ifakara, hapa hapa Tanzania. Kwa hospitali zote pamoja, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Mambo yaliyokaguliwa yalikuwa mengi, lakini napenda kwamba yanaanza kwa kumuuliza mwenye mwili.

Sasa kama anaaminiwa kabla ya kisu, kwa nini asiaminiwe baada ya jambo kuharibika?

Sanduku la maoni lipo, karibu na dirisha la malipo. Watu huandikia foleni, vyoo na lugha ya wahudumu. Aliyeona dozi imerukwa hadhani kwamba karatasi ile inamhusu. Kwenye dawa angalau kuna njia: TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, inapokea taarifa za madhara hata kutoka kwa mgonjwa mwenyewe. Lakini insulini ya shangazi haikuwa na kasoro yoyote.

Halafu kuna woga, na huo naujua vizuri. Nilipotaka kwenda kusema, shangazi alinishika mkono: "Mwanangu, kidonda bado kibichi. Nitarudi kwa hao hao." Wahudumu nao wanaogopa. Nesi aliyekuwa peke yake na wodi iliyojaa akisikia neno taarifa, anawaza barua ya kujieleza. Mpaka watu wa pande zote mbili waamini kwamba kinachotafutwa ni sababu na si mtu wa kubebeshwa lawama, kila mmoja atafunga mdomo.

Shangazi alipokubali, nilimwendea muuguzi kiongozi wa wodi. Nilianza kwa kumwambia sikuja kumshtaki mtu, tena nesi wake alimwokoa mgonjwa wetu. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilipofika kwenye geti aliweka kalamu chini. "Hilo mbona hakuna aliyeniambia?" Tangu siku hiyo shangazi hakuchomwa tena mpaka chakula kiwe kimefika kitandani.

Ametoka sasa, yuko nyumbani Kibosho. Jana nilipompelekea dawa aliniuliza, kabla hata sijakaa, kama na wale wenzake wa sukari wodini wanasubiriwa chakula, au ilikuwa kwake tu. Sikuwa na jibu. Alhamisi tunakwenda kubadilisha bandeji ya kidonda, na amesema safari hii atauliza mwenyewe.