Nilivyochagua gari la familia ya watu saba

Kwa miaka sita tulitumia Toyota IST, na kwa muda mrefu sikuona sababu ya kuibadilisha. Injini yake ya cc 1496 haikuwa na ulafi wa mafuta, vipuri vyake vilipatikana hata kwenye vibanda vya karibu na kwetu Goba, Dar es Salaam, na kila fundi wa mtaani aliijua kama kiganja chake. Mambo yaligeuka ndani ya miezi mitatu tu: mtoto wetu wa nne alizaliwa, na Mama, ambaye magoti yamekuwa yakimsumbua kwa miaka kadhaa, akahama kutoka Korogwe kuja kuishi nasi. Tukawa watu saba wenye gari la viti vitano. Jumapili nilikuwa nikienda kanisani mara mbili, safari ya kwanza na Mama na wadogo, ya pili na mke wangu na wakubwa, na tulipofika wote ibada ilikuwa imeshaanza.

Kuna waliotushauri tubanane, mtoto mchanga apakatwe na mama yake kiti cha mbele. Hilo nililikataa tangu mwanzo na bado nalikataa. Mtoto aliyepakatwa hana kinachomshika gari linapogonga, kwa sababu mikono ya mzazi haiwezi kushindana na nguvu hiyo, na mfuko wa hewa wa dashibodi ukifyatuka humkuta yeye kwanza. Kiti cha mtoto kinachotazama nyuma nacho hakiruhusiwi kuwekwa mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi. Kwa hiyo kiti chake kilipaswa kukaa nyuma, na kwenye IST kikishafungwa hapo, nafasi inayobaki ni ya watu wawili wasiopumua vizuri.

Kila niliyemuuliza alinijibu neno moja: Wish, yaani Toyota Wish. Nami niliamini hivyo, kwani Wish ina viti saba, injini ya cc 1800 katika matoleo mengi, na imejaa Dar es Salaam. Nilianza kwa kupiga hesabu ya kuagiza moja kutoka Japani kwa kutumia kikokotoo cha TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), na hapo nikajifunza jambo la kwanza la msingi: gari likizidi miaka 8 tangu litengenezwe hutozwa ushuru wa ziada, na likizidi 10 ushuru huo hupanda tena. Magari niliyoyamudu kwa bei ya Japani yalikuwa ya zamani, hivyo kodi yake ilikaribia au kuipita bei ya gari lenyewe. Niliamua kutafuta gari lililokwisha kusajiliwa nchini, la namba D (yaani herufi za namba yake ya usajili zinaanza na D), lenye mwenyewe ninayeweza kumtazama usoni.

Jambo lililotusaidia kuliko yote lilitoka kwa mke wangu. Aliniambia nisiende yadi peke yangu kuhesabu viti, bali twende wote saba, na kiti cha mtoto tukibebe, tukae ndani ya kila gari kama tunaosafiri kweli. Jumamosi moja asubuhi tukafanya hivyo. Muuzaji alishangaa kumwona bibi mwenye mkongojo akishuka kwenye bajaji na wajukuu watatu, lakini alitufungulia milango kwa heshima.

Wish ilianguka mtihani ndani ya dakika kumi. Ili kufika kiti cha nyuma kabisa, lazima kiti cha katikati kisogezwe mbele, na kiti cha mtoto kikishafungwa juu yake, upande huo hausogei tena. Njia ikabaki moja, upande wa kushoto, ambako ndiko Mama alipaswa kukaa. Zaidi ya hapo, viti vya nyuma kabisa ni viwili tu, kwa hiyo mtoto wetu wa miaka 5 alibaki amebanwa kati ya kiti cha mdogo wake na nyonga ya bibi yake. Mama alipojaribu kuingia, ilimbidi ainame chini ya paa, kisha ajishushe hadi kwenye kiti kilichokuwa chini kuliko magoti yake. Alikaa, lakini kutoka hakuweza mpaka mimi na mwanangu mkubwa tulipomvuta mikono. Hakulalamika. Alisema tu, "Mwanangu, hili ni zuri, ila mniache nyumbani siku za kutoka." Nikajua tumemaliza na Wish.

Toyota Sienta, nayo ya viti saba, ilitupa matumaini kwa sababu milango yake ya nyuma hufunguka kwa kuvutwa nyuma, si kwa kutanuliwa nje, na injini yake ni ile ya cc 1496 niliyoizoea. Mama aliingia kwa urahisi zaidi. Viti vyake vya nyuma kabisa, hata hivyo, ni vyembamba. Mwanangu wa miaka 12 alikaa magoti yakiwa karibu na kidevu, na nilipofikiria watu saba na mizigo yao wakipanda kilima cha kwetu wakati wa masika, barabara ikiwa imechimbika makorongo, nikaona tutaichosha mapema. Kwa familia ya watoto wawili na bibi mmoja ningeinunua siku ileile.

Tukabaki na Toyota Noah. Ina viti vinane, vitatu vya safu ya mwisho ikiwa na upana wa kutosha watoto watatu, na paa lake ni la juu kiasi kwamba mke wangu aliweza kuingia akiwa ameinama kidogo tu na kufunga mkanda wa mtoto bila kujigonga. Watoto waliingia kwanza kwa kusogeza kiti cha kushoto cha safu ya katikati, kikarudishwa, kisha Mama akasogea mlangoni. Pale niliona kitu ambacho hakuna tangazo la gari linalokitaja: urefu wa kiti ulikuwa karibu sawa na nyonga yake. Alishika kishikio, akapanda hatua moja, akageuka, akakaa. Hakujishusha wala hakujiinua. Kiti cha mtoto kilikuwa upande wake wa kulia, mkono wake ukimfikia mjukuu, na nafasi ya katikati ilibaki ya kapu la chakula.

Fundi wangu, ambaye amenihudumia tangu enzi za IST, alinitahadharisha kuhusu toleo la kwanza la Noah, lile lililotengenezwa 2001 hadi 2007, kwa sababu injini yake ni ya D4, yaani mafuta hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Si injini mbaya, alisema, lakini haivumilii mafuta machafu, na pampu yake ikiharibika gharama si ndogo. Alinishauri niongeze fedha nichukue toleo lililoanza 2007, lenye injini ya 3ZR, isiyo ya mfumo huo wa D4. Hilo nalo lina giaboksi ya CVT (inayobadilisha mwendo bila gia za hatua), ambayo haitaki oili yoyote isipokuwa ile iliyoandikiwa, na akaniahidisha kwamba sitamruhusu mtu kuijaza oili ya kubahatisha. Nilikubali.

Gari la kwanza la toleo hilo tulilolipata lilikuwa linang'aa, na bei yake ilikuwa ya kuvutia mno. Fundi hakugusa hata boneti. Alikwenda safu ya mwisho, akaushika mkanda wa kiti na kuuvuta taratibu mpaka ukaisha. Sehemu ya mwisho ya mkanda, ile ambayo kwa kawaida hubaki imejikunja ndani, ilikuwa na mstari wa udongo mkavu, wa kahawia, ulionyooka kama uliopigwa rula. Aliinua zulia chini ya kiti, na harufu ya ukungu haikututoka puani hadi jioni. Gari lilikuwa limezama kwenye mafuriko. Lingeweza kutembea mwaka mzima bila shida, kisha nyaya zake zingeanza kuoza moja baada ya nyingine. Nimewafundisha wengi kipimo hicho tangu siku hiyo, kwa sababu wanaosafisha magari ya mafuriko husugua kila kinachoonekana na kusahau mkanda.

La pili ndilo tulilonunua, la mwaka 2008, kwa shilingi milioni 22, milioni 9 kati yake zikitoka kwenye IST. Tulilikuta asubuhi injini ikiwa ya baridi kama tulivyoomba, likawaka bila moshi. Matairi mawili yalikuwa na kashata (michoro ya uso wa tairi) nzuri lakini tarakimu za ubavuni zilisomeka 1415, yaani wiki ya 14 ya mwaka 2015, nikapunguziwa bei na kuyabadilisha wiki hiyohiyo. Tulilinganisha namba ya chesisi na kadi, tukahakiki faini za barabarani kwa namba ya gari, tukasaini mkataba wa mauziano mbele ya wakili, na fedha nikazilipa benki. Uhamisho wa umiliki TRA niliufuatilia mwenyewe bila kumpa dalali kadi.

Gharama imepanda, na nasema hivyo waziwazi kwa anayepiga hesabu. IST ilinipa takribani kilomita 12 kwa lita mjini. Noah, kwa kumbukumbu zangu za miezi minane, inanipa 8 hadi 9, na foleni ya jioni huishusha zaidi. Siku za kazi, ninapokuwa peke yangu, huwa naliacha nyumbani na kupanda daladala. Buti nalo ni dogo viti vyote vikitumika, kwa hiyo niliongeza keria juu.

Desemba tulimpeleka Mama Korogwe kumsalimu dada yake, tukipita Chalinze na Segera. Tulisimama mara tatu njiani, na kila tuliposimama alivuta mlango mwenyewe kabla sijazunguka kumfungulia, akateremka, akatembea kidogo kunyoosha miguu, kisha akarudi kitini kwake akituuliza tunachelewa nini.