Louis Tussaud na jina lake mwenyewe

Wiki nzima nimekuwa nasoma kesi moja ya London ya mwaka 1890 na kila nikiiweka pembeni nairudia tena, basi nikasema ngoja niandike labda nitapumua.

Jina la Tussaud wengi mmeshalisikia. Lile jumba la sanamu za nta London, watu wanalipa kiingilio wanaingia kupiga picha na sanamu za wafalme na waigizaji na wanamuziki. Ambacho wengi hawajui ni kwamba kwa zaidi ya miaka mia moja kumekuwa na Tussaud mbili, Madame Tussaud na Louis Tussaud, na siyo matawi ya kampuni moja hata kidogo. Walikuwa wapinzani, wenye jina moja, wakafikishana mahakamani.

Nianzie kwa bibi mwenyewe maana bila yeye habari haieleweki. Marie alizaliwa Strasbourg mwaka 1761, akafundishwa kazi ya nta na Philippe Curtius, daktari ambaye mama yake Marie alikuwa anamfanyia kazi za nyumbani. Curtius alipofariki 1794 akamwachia sanamu zake. Mwaka uliofuata Marie akaolewa na François Tussaud, hapo ndo jina likaingia. Mwaka 1802 akavuka kwenda Uingereza na mtoto wake wa kiume, mume akabaki Ufaransa, na hakurudi tena. Yaani jina zima lililokuja kupiganiwa na vitukuu na mawakili ni la mwanaume aliyeachwa ng'ambo ya bahari, kazi yote aliifanya mke. Alizunguka na sanamu zake mji kwa mji zaidi ya miaka 30 ndipo akatulia Baker Street 1835, tayari ana miaka sabini na kitu. Akafariki 1850.

Biashara ikaenda kwa watoto, kisha wajukuu. Mjukuu mmoja, Joseph Randall, akaihamishia Marylebone Road mwaka 1884, jengo kubwa, gharama kubwa, na pesa ikaanza kubana. 1888 wakaigeuza kuwa kampuni, na 1889 ikauzwa kwa kundi la wafanyabiashara wa nje ya familia. John Theodore Tussaud, kitukuu wa Marie, akabakizwa kama mchongaji mkuu na msimamizi. Hebu lifikirie hilo, mtu anaamka asubuhi anaenda kufanya kazi kwenye jumba lenye jina la ukoo wake, ila mwenye mali ni mtu mwingine.

Sasa Louis. Ndugu yake John Theodore, kitukuu pia, kazi ya nta kaijulia ndani ya jumba hilohilo. Akaondoka, akataka kufungua lake London, na ili apate mtaji akaandaa kampuni ya hisa iitwe Louis Tussaud Limited. Wale wenye kampuni ya Madame Tussaud and Sons wakakimbilia mahakamani kuzuia hiyo kampuni isisajiliwe kwa jina hilo, na ndo hiyo kesi ya Tussaud dhidi ya Tussaud.

Ukiiangalia kwa macho ya nyumbani unasema huu ni uonevu mtupu, mtu anaitwa Tussaud, kazaliwa Tussaud, mikono yake ndo inayojua kuchonga, halafu anakatazwa na watu ambao hakuna hata mmoja wao wa ukoo huo! Na mimi nilianza hivyohivyo, nilikuwa upande wa Louis kabisa.

Ila Jaji Stirling alikata kitu kwa kisu chembamba sana. Hakusema Louis asifanye biashara kwa jina lake. Alisema Louis akitaka kufungua jumba lake yeye mwenyewe, kwa jina lake, kwa uaminifu, hakuna wa kumzuia, hata akiwa na mbia. Lakini kampuni siyo Louis. Kampuni ni mtu mwingine kabisa kisheria, haijazaliwa na mtu, haina ukoo, kwa hiyo haiwezi kudai kwamba Tussaud ni jina lake la kuzaliwa. Na Louis hakuwa na biashara yake mwenyewe iliyokuwa inatembea tayari kwa jina hilo ambayo angeweza kuikabidhi kwa kampuni, alikuwa na jina tu. Sasa jina tupu ukilivisha kampuni mpya inayofanya kazi ileile ya nta, mji uleule, wateja watadhani ni lile jumba la siku zote. Zuio likatolewa.

Nilisoma hapo mara tatu nne, nikamkumbuka mjomba wangu.

Mjomba na mdogo wake walikuwa na mziki wa kukodisha, spika na mikisa na taa, harusi, kipaimara, vigodoro, na mziki wote ulikuwa na jina la babu limeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye spika. Walipogombana kila mmoja akachukua nusu ya vyombo na kila mmoja akaondoka na jina. Watu wanampigia huyu anakuja yule, advansi kapokea mmoja, siku ya shughuli anategemewa mwingine, bibi harusi analia. Wazee wakaweka kikao, na mjomba hoja yake ilikuwa moja tu, "jina la baba yangu mtu atanizuiaje?" Hakuna aliyemjibu. Nyie, hilo swali lina jibu, na lina miaka zaidi ya 130! Na siyo jibu la Wazungu wa mbali tu, maana sheria ya kawaida ya Uingereza (common law, ile inayotokana na maamuzi ya majaji) iliyokuwepo hadi tarehe 22 Julai 1920 ndiyo iliyopokelewa Tanganyika, na mpaka leo ni sehemu ya msingi wa mahakama zetu. Hata ukienda BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, jina la biashara na kampuni ni vitu viwili tofauti, wengi tunavichanganya. Nasikitika sana kwamba siku ile hakuna aliyelijua hilo, maana wale wajomba mpaka leo Idi hawaendeani.

Turudi kwa Louis. Alifanya kilekile alichoruhusiwa, mwisho wa 1890 akafungua Regent Street kwa jina lake, na katikati ya 1891 jumba likaungua moto. Miezi tu. Hakuacha, akaendelea miji mingine, Birmingham ikiwemo, na hapo ndo kuna kipande ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 1893 bwana mmoja, Alfred Monson, alishtakiwa kwa mauaji Scotland, mahakama ikasema kosa halijathibitishwa, akaachiwa. Madame Tussaud London wakaweka sanamu yake karibu na chumba cha wauaji. Louis naye Birmingham akaweka ya kwake. Monson akawashtaki wote wawili kwa kumchafulia jina, na rufaa zao zikasikilizwa pamoja 1894. Wapinzani wale wa jana, leo washtakiwa pamoja, tena kosa ni la jina la mtu! Monson alishinda dhidi ya kampuni ya London lakini fidia aliyopewa ni farthing moja, robo ya peni.

Mwaka 1900 jina la Louis likafika Blackpool, mji wa bahari wa watu wa likizo, baadaye likavuka mpaka Niagara Falls, Kanada, likaishia mikononi mwa kampuni ya Ripley. Upande wa Madame nao umenunuliwa na kuuzwa, hata kampuni ya Dubai iliwahi kuumiliki kuanzia 2005 mpaka 2007, halafu ukaingia kampuni ya Merlin. Pande zote mbili hakuna Tussaud anayemiliki.

Na mwaka 2011 hukohuko Blackpool, kwenye jengo la Louis Tussaud, hao Merlin walichukua jumba, wakashusha jina la Louis, wakapandisha la Madame. Jina la Louis lilikaa mji ule miaka mia na kumi na kitu.