Mzee, wewe ngoja hapo nje

Wiki imekuwa na mambo makubwa: dada amejifungua kule Njoro na wote wawili ni wazima, barua yangu ya uhamisho imefika, upepo umeng'oa bati la jikoni. Lakini kinachonikosesha usingizi ni maneno ya getini Jumamosi.

Mwanangu Kadogo, kama nilivyowaambia, alichaguliwa pamoja na watoto wengine wa mtaa wetu kwenda kufundishwa gofu. Kilabu kimewafungulia mlango Jumamosi asubuhi, hakuna kulipa, fimbo wanaazimwa. Nilifurahi, na Baba akafurahi kunishinda. Usiku alipiga viatu rangi, akaitoa ile kofia nyeupe sandukuni. Tukaenda watatu. Soja akamtazama Baba tangu kofia hadi viatu.

"Mzee, makedi wanapitia nyuma," akasema, maana yake wale wanaowabebea wachezaji mabegi ya fimbo.

"Njia hiyo naijua, kijana wangu. Leo nimemleta mjukuu."

"Basi mtoto apite na mamake. Wewe ngoja hapo nje."

"Haya. Nitangoja."

Ni hayo tu. Soja hakupaza sauti, Baba hakukunja uso. Alinigusa mkono kidogo, nikajua ananizuia nisiseme, kisha akaenda kukaa kwenye jiwe kando ya ua wa michongoma.

Tangu siku hiyo nalisikia jibu lake nikipika, nikisahihisha madaftari, nikiwa kwenye matatu. Mara nasikia uchovu ndani yake. Mara nasikia mtu anayeilinda asubuhi ya mjukuu wake, kwamba tukigombana pale getini Kadogo ataingia analia. Jumatano nilikuwa namwaga maji ya mchele nikasikia jambo la tatu, na hili ndilo limeniumiza: alijibu kwa wepesi wa mtu aliyelijibu hilo maisha yake yote. Na soja simlaumu. Mshahara wake nadhani hautoshi, na kuna mtu aliyemfundisha nani apite na nani asipite.

Baba alibeba mabegi pale tangu ujana mpaka goti lilipokataa. Anajua grini ipi, yale majani mafupi yanayozunguka shimo, humdanganya mtu, mpira ukakimbilia upande wa ziwa wakati jicho linaapa kwamba kuna mlima. Watu wamebeba vikombe nyumbani kwa sababu yeye aliwanong'oneza, "Lenga kulia zaidi, usiyaamini macho." Yeye mwenyewe alicheza Jumatatu, siku ya makedi, kwa fimbo za kuazima. Shujaa wake mnamjua, maana kila mgeni wetu husimuliwa: mcheza gofu Seve Ballesteros, aliyeshinda mashindano ya Kenya Open mwaka 1978, na mwaka uliofuata akashinda yale ya The Open kule Uingereza. Mtoto wa mkulima huko Uhispania, alibeba mabegi ya wengine, akajifundisha ufukweni kwa fimbo moja ya chuma, namba tatu. Sheria inamruhusu mchezaji fimbo 14. "Yeye alianza na moja," Baba husema, na kidole kimoja hewani.

Sasa nauliza: tunawaingiza watoto wa mtaa kwenye gofu kwa kuwapitisha mbele ya babu zao waliobaki nje? Kadogo aligeuka mara nyingi kutazama jiwe lile. Atajifunza kupiga mpira, na atajifunza hilo pia. Nimesoma kwamba St Andrews kule Uskoti, panapoitwa nyumbani kwa gofu, uwanja mkongwe uko kwenye ardhi ya umma, na Jumapili kwa kawaida hauchezwi. Wenyeji hutembea humo na mbwa wao. Hata huko milango imechelewa, kwani kilabu maarufu cha R&A kilipiga kura ya kukubali wanawake mwaka 2014. Kwa hiyo mlango unaweza kufunguka, ila lazima mtu auguse. Nimeandika barua kwa kilabu: wazee waliokuwa makedi wapewe kazi ya kuwafundisha watoto wa Jumamosi, walipwe, na wapite geti la mbele. Nimeipeleka kwa mkono wangu. Karani amesema itafika kwenye kamati.

Halafu jana, baada ya kanisa, Baba akachukua jembe. Akachimba nyuma ya nyumba, akafukia kopo la maziwa ya unga. Shimo rasmi lina upana wa milimita 108, na kopo hilo linakaribia. Fimbo yake ya zamani ikatoka chini ya kitanda. "Usiikabe," akamwambia Kadogo, "ishike kama kifaranga." Kabla chai haijaiva uani palikuwa pamejaa watoto wa ploti nzima wamepanga foleni, na mama wa mandazi akafunga leso kiunoni akajaribu. Mpira ukaingia! Kelele ile sijaisikia tangu timu yetu ishinde kwenye uwanja wa Afraha. Baba akawasimulia wasichana habari za Rose Naliaka, mwanamke wa kwanza Mkenya kucheza gofu ya kulipwa, ambaye sasa hufundisha wasichana, na Kadogo akasimama wima kabisa akisikiliza. Miezi mingi sijamwona Baba akisema kwa sauti kubwa namna hiyo. Nilicheka hadi machozi.

Ila Kadogo alipokuwa anacheka nikayaona meno yake mapya ya mbele. Yana madoa ya kahawia. Ni haya maji yetu ya kisima na madini yake ya floridi; wanasema doa huanza jino likiwa bado ndani ya ufizi, kwa hiyo mengine yanaendelea kuharibika huko nisikoona. Nilipanga kukinga maji ya mvua, na sasa bati lenyewe limekwenda na upepo. Mwenye kumjua daktari wa meno wa bei nafuu hapa Nakuru aniambie, na kama kuna aliyewahi kuchuja maji haya nyumbani, alitumia nini?