Moshi wa jikoni kwa mama na elki wa Colorado

Kwa miaka 11 nilitembea mbele ya bunduki za watu. Nilikuwa traka, yaani mfuata nyayo za wanyama. Kampuni inampokea mgeni Arusha, tunaingia naye porini pande za Longido na Ziwa Natron, mimi natangulia na nyayo, mwindaji bingwa nyuma yangu, mgeni nyuma yake, askari wa wanyamapori anafunga msafara. Mgeni akitaka kufyatua, nasimamisha fimbo tatu za kuegeshea bunduki, nachuchumaa pembeni na kuziba masikio. Mimi mwenyewe sikuwahi kumpiga mnyama risasi hata siku moja.

Kwa hiyo mwaka 2022 shemeji yangu aliponipigia kutoka Colorado na kusema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Shemeji, njoo tuwinde wote, wewe mtaalamu," nilicheka. Kumbe ndiyo nilikuwa najichimbia shimo. Mtu akishakuita mtaalamu, unaona aibu kuuliza.

Dada yangu ameolewa huko. Mumewe ni mwindaji tangu utotoni, baba yake na babu yake vilevile. Tiketi walichanga wao, viza nikahangaikia mwenyewe, na mwezi wa tisa nikapanda ndege pale KIA.

Kabla sijaondoka nilimtembelea mzee mmoja wa Longido aliyenifundisha kazi. Nilimwonyesha picha za wanyama kwenye simu. Wa kwanza ni ayala, huyu tunayemsikia kanisani kwenye Zaburi na hatujawahi kumwona, maana kusini mwa Sahara hakuna ayala wa asili. Sisi tuna swala na jamaa zake. Ayala wa milima ile ana masikio makubwa, na Wamarekani wamempa jina la yule mnyama anayezaliwa na punda na farasi, ambaye kwa Kiswahili ni nyumbu. Nikamwambia mzee, "Huyu anaitwa ayala nyumbu." Akanitazama kama nimelewa. "Nyumbu amezaa na nani?" Ilinichukua muda kumtoa Serengeti.

Wa pili ni elki, naye ni wa ukoo huohuo wa ayala, ila ni pande la mnyama. Dume aliyekomaa anafika kilo 300, kama kongoni wawili ukiwaweka kwenye mzani pamoja. Pembe zake zina matawi, na kila mwaka zinadondoka na kuota upya. Hilo ndilo lililomshangaza mzee kuliko ukubwa. Aliuliza mara mbili kama zinadondoka zenyewe.

Nilidhani nikifika ni kuingia porini. Kumbe kuna makaratasi, na makaratasi ndiyo nusu ya uwindaji wa kule. Leseni za ayala Colorado ni bahati nasibu tupu tangu 1999, na maombi yanafungwa mwanzoni mwa Aprili. Shemeji alikuwa ameomba na kupata yake. Mimi Aprili nilikuwa nauza parachichi. Ikabaki elki. Mwaka ule leseni ya elki dume kwa msimu wa pili wa bunduki ilikuwa inauzwa bila bahati nasibu katika sehemu nyingi za upande tuliokwenda. Kwa mtu asiye mkazi ni zaidi ya dola 700. Niliibadilisha kichwani kuwa shilingi, nikanyamaza.

Ila huuziwi leseni bila cheti cha mafunzo ya uwindaji. Aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1949 lazima awe nacho. Basi mimi, baba wa watoto watatu, nikaenda darasani na watoto wa miaka 11 na 12. Mwalimu akafundisha jinsi ya kuvuka uzio ukiwa na bunduki, jinsi ya kuhakikisha kuna nini nyuma ya mnyama kabla hujafyatua. Kijana mmoja wa meno ya mbele yaliyopishana alinisaidia kusoma swali ambalo Kiingereza chake kilinipiga chenga. Nilifaulu. Yeye alinishinda maksi.

Kuna jambo jingine ambalo anayekwenda kutembea asilichukulie kirahisi. Sheria ya Marekani haimruhusu mgeni mwenye viza ya muda kushika bunduki, isipokuwa kwa sababu chache, na mojawapo ni kuwa na leseni halali ya kuwinda ya huko. Kwa hiyo wiki zote zile bunduki ya shemeji, .30-06 yenye darubini, ilikaa kabatini nikiitazama. Leseni ilipotoka ndipo tukaenda kwenye uwanja wa shabaha. Risasi ya kwanza ilinipiga begani nikaona nyota. Shemeji akaniegemeza kwenye meza. Sikuipenda meza. Nikamwomba kamba na vijiti vitatu, nikafunga fimbo kama zile nilizowasimamishia wageni miaka yote, na hapo ndipo mkono ulipotulia.

Mavazi nayo yalikuwa kituko. Alinipa koti la mabakamabaka, nikarudi nyuma hatua mbili. Kwetu raia akikutwa na kitu kama sare ya jeshi ana kesi. Akacheka, akanipa na kizibao cha rangi ya chungwa cha kuvaa juu yake, pamoja na kofia ya rangi hiyohiyo, kwa sababu sheria inataka mwindaji wa bunduki aonekane na wenzake. Nikajiona dereva wa bodaboda aliyepotea njia. Wanyama hao hawaioni vizuri rangi ile, kumbe.

Tulikwenda Flat Tops, kaskazini-magharibi mwa jimbo, upande wa mji wa Meeker. Kambi ilikuwa karibu mita 2,900 juu ya usawa wa bahari. Hapo sikuteseka, ujana wangu nilibeba mizigo Kilimanjaro na wagumu wenzangu, ndivyo tunavyowaita wapagazi wa mlimani, na mapafu hayajasahau. Kilichonitesa ni kutokuwepo kwa watu. Asubuhi ya kwanza nilikuwa tayari, nikasimama nje ya hema nikisubiri. Shemeji akauliza nasubiri nini. Nilikuwa namsubiri askari wa wanyamapori! Kule hakuna askari wa kukusindikiza. Una leseni mfukoni na sheria kichwani, ukikosea utakutana naye njiani akikukagua. Jimbo limegawanywa vipande vyenye namba, kama vitalu vyetu, ila kitalu hakina mwenyewe; ardhi ya serikali anaingia yeyote mwenye leseni. Ardhi ya mtu binafsi ndiyo balaa. Mwenyewe halazimiki kuweka uzio wala kibao. Ni juu yako kujua, na shemeji aliniwekea programu ya ramani kwenye simu inayoonyesha mipaka kwa rangi.

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Siku ya pili, theluji nyepesi imeanguka usiku, nikakutana na nyayo za elki dume mmoja. Nyayo za asubuhi ileile, kingo bado kali, kinyesi kinatoa mvuke. Moyo ukanidunda. Hii ndiyo kazi yangu! Nikamwacha shemeji, nikazifuata peke yangu. Muda wa saa nne nzima. Anapita kwenye miti yenye magome meupe waliyoyaguguna, anaingia kwenye misonobari yenye giza, anatoka. Mara mbili nilimkuta alipokuwa amelala, theluji imeyeyuka umbo la mwili wake, na mara zote mbili alikuwa ameshaondoka kwa kukimbia. Ananisikia harufu kabla sijamwona. Nilikuwa na soksi yangu ya majivu, niliyoitoa Moshi, ukiitikisa inakuonyesha upepo. Asubuhi upepo ulinipiga usoni. Lakini kufika saa nne asubuhi majivu yakageuka, yakaenda kule kule kwa elki.

Nikaendelea tu, kwa ubishi. Nyayo zikateremka bonde, zikavuka kijito, zikaendelea mbele. Nikatazama simu: rangi imebadilika. Kijito ndicho mpaka, ng'ambo ni kwa mtu. Hakuna uzio, hakuna kibao, theluji ni ileile, na nyayo ziko wazi hata mtoto angezifuata. Nilikaa juu ya gogo nikazitazama zinavyopanda upande wa pili mpaka zikapotea. Katika miaka 11 sijawahi kuacha nyayo mbichi namna ile.

Siku ya tatu ilikuwa vilevile, tofauti ni kwamba nilichoka mapema.

Jioni tukateremka mjini kujaza mafuta. Kulikuwa na mtandao, nikampigia mama. Kwetu Kibosho, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, kule saa tatu usiku. Mama alikuwa anakohoa. "Moshi huu," akasema, "umeteremka wote barazani. Mpaka jua litoke ndio uende juu." Jiko lake liko upande wa juu wa kihamba, shamba letu la nyumbani, na nyumba iko chini. Nimekulia ndani ya moshi ule. Usiku baridi ya mlimani inateremka kupitia migombani, na moshi wa asubuhi unaifuata, unalala juu ya uwanja kuelekea mjini. Jua likishapasha mteremko, moshi unasimama, halafu unaanza kupanda kuelekea mlimani. Jioni unageuka tena. Kila mtoto wa Kibosho anajua hilo, na tulilitumia kuchagua wapi pa kukaa wakati wa kuchoma mahindi.

Na mimi nilikuwa nawinda mlimani kwa akili ya tambarare. Longido upepo ukishika upande mara nyingi unakaa nao. Nikamwambia shemeji. Akanitazama. Alikuwa ameshanieleza siku ya kwanza, kwa Kiingereza cha haraka, nami nikaitikia ndiyo, ndiyo, kwa sababu mimi ni mtaalamu.

Usiku ule tuliongea upya, taratibu, ramani mezani. Elki wanakula kwenye nyasi za wazi alfajiri na jioni. Mchana wanalala kwenye msitu mzito, hasa miteremko inayotazama kaskazini. Kwa hiyo asubuhi, hewa ikiteremka, ukae chini yao. Mchana hewa inapanda, zunguka uwe juu. Na usitembee. Kaa.

Kukaa ndiko kugumu. Siku ya nne tulikaa, tukaona majike watano ambao leseni yangu haikuwaruhusu. Siku ya tano, nusu saa hivi baada ya muda ambao sheria inaruhusu kuanza kupiga, dume alitoka kwenye ukingo wa miti, juu yangu, kama mita 140. Majivu yalikuwa yanateremka kwangu. Nikahesabu matawi ya pembe, maana pale dume halali ni mwenye matawi manne upande mmoja, au tawi la usoni lenye inchi 5. Alikuwa na matano. Fimbo nilikuwa nimeshazisimamisha. Ilikuwa ajabu kuzisimamisha na kubaki palepale nyuma yake.

Sikusikia mlio. Niliona amejikunja, akaingia msituni.

Tulisubiri nusu saa, kama mwindaji bingwa wetu alivyokuwa akitulazimisha. Ndani ya miti theluji ilikuwa kuukuu, imekanyagwa na kundi zima, nyayo juu ya nyayo. Shemeji akaanza kuzunguka huku na huku. Nikamwambia, "Shemeji, simama hapo hapo." Hapo hatimaye nikawa na faida. Tone moja la damu lilikuwa kwenye gome, usawa wa nyonga yangu, siyo chini alikokuwa anatazama yeye. Halafu jingine. Mita 60 hivi, amelala.

Huku kwetu ingekuja Land Cruiser. Kule magari hayaingii katika eneo lile la hifadhi, kwa hiyo tulimkata palepale. Ngozi nene inahifadhi joto, na nyama inaoza kwenye mfupa hata kwenye baridi usipoharakisha. Sheria inataka alama ya jinsia ibaki imeshikamana na nyama, tukaacha korodani moja kwenye paja. Paja lile lilizidi mzigo wa mgumu, ambao mlimani kikomo chake ni kilo 20. Shemeji alikuwa na begi la fremu. Mimi nilikunja koti, nikatengeneza kata, nikajitwisha kichwani. Alinipiga picha nyingi kuliko alizompiga elki. Tulikwenda na kurudi mara tatu, na giza likatukuta.

Kichwa tulikipeleka kituoni kipimwe ugonjwa wa kudhoofisha ambao uligunduliwa huko Colorado kwa ayala tangu 1967. Majibu yakaja safi, ndipo dada akapika. Elki ana meno mawili ya juu ambayo ni kama pembe ya ndovu, na wawindaji huyahifadhi. Shemeji akanipa. Nikayaacha kwake. Nani angenielewa pale KIA, na utraka wangu wa Longido, nikisema haya ni meno tu ya ayala mkubwa?

Niliporudi nilimweleza mama yote, na moshi wake. Moshi haukumshangaza. Yeye alitaka kujua nyama iligawanywaje. Kwetu mnyama akichinjwa kila kiungo kina mwenyewe.

"Kidari kilikwenda kwa nani?"

Nikamwambia shemeji alikata yote vipande, akafunga kwa nailoni, akaandika tarehe, akaweka kwenye friza.

"Yote?" Akanyamaza kidogo. "Hata jirani?"

"Jirani yao hali nyama, mama."