Kusi Tuliyoikuta Dhofar

Katika ratiba tuliyopewa Unguja, siku ya tisa ya safari iliandikwa mstari mmoja tu: kuondoka Haima alfajiri, kuingia Salalah adhuhuri. Siku nyingine zote zilijazwa majina ya ngome, misikiti na mabonde, na nilipokuwa nikiipitia karatasi ile pamoja na mamangu, ukumbini kwetu Wete, nilimwambia kuwa hiyo ya tisa ni siku ya kulala ndani ya gari. Leo nikiulizwa tulikwenda Oman kuona nini, siku hiyo ndiyo ninayoisimulia.

Ilikuwa Julai 2017. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimestaafu, baada ya kusomesha jiografia katika skuli za Pemba kwa miaka 31, na sehemu ya kiinua mgongo niliitenga kwa safari hii ya siku 12, watu 16 chini ya mwongozaji mmoja, kutoka Muscat mpaka Dhofar, jimbo la kusini ya Oman ambalo mji wake ni Salalah. Kila aliyesikia alituuliza kwa nini tunakwenda Bara Arabu wakati wa joto. Sababu ilikuwa bei: mwezi huo wageni huikimbia Muscat na hoteli zake hubaki tupu, kwa hiyo tuliokuwa na mifuko mifupi tulipata nafasi. Mama, aliyekuwa amekwishapindukia miaka 70, alikubali kwa sharti kwamba asilazimishwe kupanda ngamia.

Nje ya uwanja wa ndege wa Muscat tulipokewa na mwongozaji wetu, mtu wa makamo aliyevaa kanzu nyeupe na kofia ya viua, ambaye Mama angemwona sokoni Darajani, Unguja, asingegeuza shingo. Alimwendea yeye kwanza, akainama, akasema, "Shikamoo, bibi. Poleni na safari. Motokaa iko huku." Mama aliitikia "Marahaba, mwanangu," kisha akacheka peke yake, kwani neno motokaa hakuwa amelisikia tangu utoto. Yule bwana Kiswahili chake alikipata kwa mama yake, aliyeondoka Pemba akiwa msichana katika miaka ya 1960. Alitwambia hivyo tu, na sisi hatukumuuliza zaidi. Siku zile mbili za Muscat nilizoea kusikia Kiswahili dukani, msikitini na kwenye moshi wa nyama za vijiti ambazo wenyewe huziita mishkak, na sikuhitaji kamusi kujua hilo ni neno gani.

Katika msikiti mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, tulielezwa habari za zulia la kipande kimoja lenye zaidi ya mita za mraba 4,000, lililosukwa na wanawake 600 wa Iran kwa miaka minne. Wenzetu walikuwa wakilipiga picha. Mama alinivuta mkono wa kanzu akaninong'oneza nimwulize mwongozaji, katika wale 600 kuna hata mmoja aliyepata kuswali juu yake? Sikumwuliza, kwa haya, na mpaka leo najuta.

Ndivyo alivyotembea safari nzima. Kule Sur tulipelekwa kuiona Fath al-Khair, jahazi kubwa iliyoundwa papo hapo mwaka 1951 na sasa imewekwa nchi kavu ili watu waitazame. Mwongozaji alizieleza safari za vyombo kama kile, vilivyokuja kwetu na upepo wa kaskazi vikiwa na tende na samaki wakavu, na kurudi na upepo wa kusi vikiwa vimesheheni boriti. Mama aliyasikiliza yote kwa adabu, halafu akasema kwamba yeye utotoni, majahazi yakitia nanga Wete, walikuwa hawatolewi nje, wakitishwa kuwa Msuri atawatia kapuni na kwenda nao kwao. "Sasa nimekuja kwa nauli yangu," alisema, na yule bwana alicheka mpaka akaishika kofia isianguke.

Huko milimani kampuni ilitudhulumu, na naliandika hili bila ya kuitaja. Tuliahidiwa kulala usiku mmoja juu ya Jabal Akhdar, katika uwanda wa Saiq ulio kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari, lakini ikabainika kuwa vyumba havikulipiwa. Tulipandishwa kwa magari madogo ya kuvuta magurudumu yote, kwa kuwa mengine hayaruhusiwi kupita kizuizi cha chini, tukapewa saa nne za kuangalia makomamanga mabichi kwenye matuta ya mawe, tukateremshwa. Wenzangu walikasirika. Mimi nilikasirika pia, ila hasira yangu iliyeyuka jioni ile ile chini ya mlima, katika mji wa Birkat al-Mawz, ambao jina lake lina maana ya birika la ndizi na kwa kweli una migomba.

Hapo ndipo ulipo mfereji wa Falaj al-Khatmeen, mmoja wa mitano ya Oman iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Maji hutoka chini ya mlima kwa njia iliyochimbwa ardhini, bila pampu wala mota, kwa mteremko mdogo usioonekana kwa macho, yakatokeza mjini, yakapita kwanza mahali pa kuteka ya kunywa, kisha msikitini na mahali pa kuogea, na mwisho yakaingia mashambani. Mwenye shamba hana lita zake, ana muda wake. Zamani mchana muda huo ulipimwa kwa kivuli cha kijiti kilichosimamishwa uwanjani, na usiku kwa kuchomoza kwa nyota zinazojulikana kwa majina. Mama alikaa ukingoni, akavua viatu, akatia miguu kwenye maji yaliyokwisha kupita msikitini (aliuliza kwanza), akataka kujua nani alikuwa mpimaji na kama alikuwa mtu wa kuhongeka. Alikuwa na sababu. Amechuma karafuu tangu hajaolewa, akilipwa kwa pishi, na pishi ya mfuto, iliyosawazishwa, na pishi ya kilele, iliyorundikwa, anazijua zinavyogeuka mkononi mwa mpimaji. Alipoelezwa habari ya kijiti alifikiri kidogo. "Kivuli hakisukumwi," alisema. Tulikaa pale mpaka magharibi, na ndiyo saa moja pekee ya safari ambayo mwongozaji hakuangalia saa yake.

Kutoka Nizwa kwenda kusini, baada ya Adam, nchi hulala. Ni changarawe na anga, na barabara iliyonyooka kama uzi wa fundi, kwa mamia ya kilomita. Tulilala Haima, tukaondoka giza halijatoka vizuri, na ilipofika saa tatu asubuhi hakuna aliyekuwa akitazama nje. Kipimajoto cha gari kilipanda mpaka 43. Mama alijifunika uso kwa kanga akavuta uradi wake. Mimi nilikuwa nikihesabu malori.

Kiasi cha kilomita 40 kabla ya Salalah gari lilisimama Wadi Dawkah, bonde la mawe lenye miti ya ubani, ambalo nalo limo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Miti yenyewe haina umbo la kumvutia mtu. Ni mifupi, imejikunja, na maganda yake yanabanduka kama karatasi iliyolowa ikakauka. Mwongozaji alitutafutia jeraha lililokwishatiwa na wenyewe, ambapo matone meupe yalikuwa yameanza kuganda, akaeleza kwamba mti hukwanguliwa ganda kwa kisu maalumu, ukaachwa siku kadhaa, ukarudiwa tena, na kwamba utomvu wa mkwanguo wa mwanzo hauhesabiwi kuwa ubani wa maana. Mama amefukiza ubani maisha yake yote, chumba cha mzazi, usiku wa Ijumaa, nyumba ya msiba, maulidini. Aligusa tone kwa ncha ya kidole, akalinusa, akavivuta vidole viwili vikagandana. "Kumbe ni utomvu tu, kama wa fenesi," alisema, kwa sauti ya mtu aliyefichwa jambo miaka mingi na ndugu zake mwenyewe. Mwongozaji akaongeza kwamba mti huu hupenda kuwa karibu na ukungu bila ya kuingia ndani yake. Nilitazama huku na huku. Jua lilikuwa linaunguza, hakukuwa na wingu hata moja, na nilidhani amekosea neno la Kiswahili.

Hakukosea. Tulikwenda muda mfupi tu tena, barabara ikaanza kushuka mlima, na mbele yetu palikuwa na ukuta mweupe. Gari liliingia ndani yake kama linavyoingia chini ya daraja. Dereva akawasha taa na vifuta maji, na pembeni ya njia, mahali ambapo dakika kumi nyuma palikuwa na mawe matupu, palikuwa na majani ya kijani yanayofika magotini, na ngamia wamesimama ndani yake wamelowa, na watu wametandika mikeka wanakunywa chai ndani ya manyunyu kana kwamba wamelipia wanyeshewe. Na kweli walikuwa wamelipia. Wengi walikuwa wametoka Muscat na nchi za Ghuba kwa ajili hiyo. Kipimajoto kilisoma 24.

Mama aliondoa kanga usoni, akateremsha kioo, akatoa mkono nje, kiganja juu.

"Hii kusi," alisema.

Nilimwambia kwa upole, kwa ule upole wa mwalimu ambao sasa hunitia aibu, kuwa hapa ni Bara Arabu, na kwamba wenyeji wanaiita hali hii kharif.

"Na waiite watakavyo. Mimi nimeanika karafuu kwenye majamvi kabla hujazaliwa, na kila ikija na rasharasha zake hunikimbiza kuzianua. Inaingia hapa." Alijigusa nyuma ya shingo. "Harufu yake ya bahari huisikii?"

Sikujibu, kwa kuwa nilikuwa nimeanza kuona ubao. Kwa miaka 31 nilikuwa nimechora pepo hizi kwa chaki, mshale ukitoka kusini mashariki, ukipita juu ya visiwa vyetu, ukivuka ikweta, ukipinda kuelekea kulia kwa sababu ya mzunguko wa dunia, na kuendelea ukiwa upepo wa kusini magharibi kuelekea Arabuni na Bara Hindi. Niliwafundisha watoto kwamba pwani ya Dhofar upepo huo husukuma maji ya juu yaende mbali, yakapanda mengine ya baridi kutoka chini, na hewa yenye unyevu ikipoa juu yake hugeuka ukungu, na ukungu hukutana na milima ukakosa pa kupita, tangu Juni mpaka Septemba. Yote hayo niliyajua na niliyasahihisha kwenye mitihani. Lakini ubao wa Wete una upana wake, na mishale yangu siku zote iliishia kwenye fremu ya mbao. Mwongozaji, aliyekuwa amenyamaza, aligeuka akasema kuwa miezi hii manahodha wa zamani hawakuwa wakithubutu kuikaribia pwani hii, na kwamba waliotoka kwetu walijitahidi wawe wamefika kabla ya kusi kuchachamaa. Mama alimtazama kama mtu aliyethibitishiwa.

Salalah yenyewe ilinishangaza zaidi ya Muscat, kwa sababu hapakuwa na cha kushangaza. Minazi, migomba, mipapai, barabara ya vumbi lililolowa, na safu ya vibanda vya miti na makuti vilivyotundikwa mikungu ya ndizi na madafu. Tulipewa dakika 20. Mwuzaji wetu alikuwa kijana wa Kihindi, akazungumza Kiarabu kidogo na Mama Kiswahili tupu, na mapatano yalikwenda vizuri mpaka kijana alipochagua dafu mwenyewe na kulikata kichwa. Mama aliligonga kwa kidole, akalitikisa, akalirudisha.

"Hili koroma. Mwambie anipe dafu."

Hakuna aliyejua koroma, lile lililopita udafu na halijawa nazi, kwa Kiarabu. Basi akaupita mkungu wa ndizi, akaingia nyuma ya meza, akagonga madafu mawili matatu huku ameinamisha sikio, akachukua panga mkononi mwa kijana yule, ambaye hakupinga, na kwa mapigo manne akalifungua moja. Maji alinipa mimi. Kisha akakata ubamba mwembamba kwenye kumvi la dafu lenyewe akaufanya kijiko, akakataa kile cha plastiki alichokuwa akipewa, akakaa juu ya kreti lililopinduliwa akaanza kukomba nyama. Wenzetu walipanga foleni mbele yake badala ya mbele ya mwenye kibanda. Manyunyu yaliendelea, mepesi, ya upande, na upepo uliyapiga makuti kwa mlio ninaoujua tangu utotoni.

Alipomaliza alifuta mikono kwa kanga akaniomba simu. Alimpigia dada yake Wete. Baada ya salamu, na za watoto, na za jirani mwenye mguu, aliuliza hali ya hewa huko. Nilisikia sauti ya mamangu mdogo ikilalamika kwamba samaki hakuna, vyombo havijatoka tangu juzi kwa upepo, na kuti moja limemwangukia bandani.

"Basi ndiyo hiyo," Mama alimwambia. "Imeshafika na huku."