Nilianza na springi, nikamalizia na upepo: kazi ya nyumbani kwenye Jimny

Nilipoamua kuliandaa gari langu dogo la fowili (linaloweza kuendeshwa na magurudumu yote manne) kwa njia za mawe, mchanga na matope, nilianza na springi, na makosa mengine karibu yote yalizaliwa na hilo. Gari lenyewe ni Suzuki Jimny ya kizazi cha tatu, umbo lililotoka mwaka 1998, lenye injini ya lita 1.3, chasisi kamili chini ya bodi, na ekseli nzima mbele na nyuma. Springi ndefu zina ushawishi wake: gari likipanda milimita 50 hata mtu asiyejua lolote kuhusu fowili husimama akalitazama. Upepo wa tairi hautazamwi na mtu, na nadhani ndiyo maana nami niliukumbuka mwisho.

Jambo ambalo ningepaswa kulipiga hesabu kabla ya kushika spana ni hili. Katika gari la ekseli nzima, kitu kinachogonga jiwe mapema zaidi ni bakuli la difu (sanduku la gia linalogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili), ambalo limeshikwa na ekseli yenyewe, nayo ekseli imeshikwa na magurudumu. Springi huinua chasisi na bodi juu ya ekseli. Haziinui difu hata milimita moja. Kinachoinua difu ni kimo cha tairi peke yake. Tairi zilizokuja na gari langu ni 205/70R15, zenye kimo cha milimita 668. Tairi za 215/75R15 zina kimo cha karibu milimita 704, na kwa kuwa ekseli iko katikati ya gurudumu, nusu tu ya tofauti hiyo, yaani milimita 18 hivi, ndiyo inayofika chini ya difu. Ni kidogo, lakini ni zaidi ya sifuri niliyoipata kwa springi. Sisemi kwamba springi hazina faida: chasisi iliyoinuka haikwami haraka juu ya tuta, pembe ya mbele na ya nyuma huongezeka, na tairi kubwa hupata nafasi ya kucheza ndani ya matao. Hata hivyo gari hili, ambalo umbali kati ya ekseli zake ni milimita 2,250 tu, lilikuwa tayari linavuka matuta ambayo magari marefu huyalalia tumbo.

Kazi yenyewe ya kubadilisha springi haikuwa ngumu. Chasisi ilikaa juu ya stendi nne imara (jeki ni ya kuinulia, si ya kulala chini yake), nikafungua shokapu, nikashusha ekseli taratibu kwa jeki hadi springi zikatoka zenyewe. Nilipofunga mpya nilikaza kila bolti ya mikono ya ekseli (vyuma vinavyoiunganisha ekseli na chasisi) wakati magurudumu yananing'inia hewani, nikajipongeza. Bushi za mpira zilizo kwenye mikono ile hazizunguki kama beringi. Hujisokota na kurudi. Ukizikaza gari likiwa limening'inia, linaposhuka chini hukaa zimesokotwa muda wote, na zangu zilianza kupasuka mapema kuliko zile kuukuu nilizozitoa. Bolti hizo hukazwa mwisho, gari likiwa limesimama kwa uzito wake juu ya magurudumu yake, na ikiwezekana kwa spana ya kupimia mkazo.

Siku ya kwanza barabarani gari lilikuwa jingine kabisa. Usukani ulikaa upande ilhali gari linakwenda mbele, na baada ya kukata kona ulikuwa mvivu kurudi kati. Nilipofika kama kilomita 70 kwa saa nikapita juu ya kiraka cha lami, magurudumu ya mbele yakaanza kutikisika kushoto na kulia kwa nguvu kiasi kwamba sikuweza kufanya lolote ila kupunguza mwendo hadi karibu kusimama.

Nilipochunguza nilikuta mambo matatu tofauti yaliyokuja pamoja. La kwanza ni kasta, yaani ule mwinamo wa kuelekea nyuma wa mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia, kama uma wa mbele wa baiskeli ulivyoinamishwa. Mwinamo huo ndio unaoyafanya magurudumu yajinyooshe yenyewe. Mikono ya ekseli ya mbele imefungwa kwenye chasisi kwa upande wa nyuma. Chasisi ikipanda, mikono huizungusha ekseli na kuinyang'anya sehemu ya mwinamo wake. Dawa yake ni bushi zenye tundu lililowekwa pembeni badala ya katikati, ambazo huirudisha ekseli karibu na pembe yake ya awali.

La pili ni fimbo ya Panhard, ile inayounganisha chasisi na ekseli kwa mshazari ili ekseli isiyumbe kando. Gari likiinuka, fimbo husimama zaidi na kuivuta ekseli upande ambao fimbo imefungwa kwenye chasisi. Nilining'iniza timazi kwenye matao ya magurudumu na kuona ekseli ya mbele imesogea milimita 9. Fimbo inayoweza kurefushwa kwa nati ilimaliza shida hiyo kwa mchana mmoja.

La tatu, mtikisiko wenyewe, ndilo lililonichelewesha, kwa sababu nilidanganyika. Fundi mmoja alinishauri nifunge shokapu ya usukani yenye nguvu zaidi, nikaifunga, na kweli mtikisiko ulitulia kwa wiki kadhaa kisha ukarudi. Shokapu ile iliuficha ugonjwa tu. Nilipoinua mbele na kulishika gurudumu kwa juu na chini nikalitikisa, lilicheza: beringi za kingipini, yaani pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia, zilikuwa zimelegea, pengine tangu kabla sijainunua. Kasta ya zamani ilikuwa ikiuvumilia ulegevu ule, kasta mpya haikuweza. Kwa hiyo ningemshauri mtu yeyote apime kingipini, tairodi (fimbo za usukani zinazogeuza magurudumu) na bushi zote kabla ya kuinua gari, kwa kuwa springi mpya huanika kila kitu kilichochoka.

Kipimo kimoja zaidi ambacho hakipaswi kurukwa: panda gurudumu moja juu ya kitu kirefu mpaka la upande wa pili linyooke hadi mwisho wake, halafu ingia chini na tochi. Tazama mipira ya breki, nyaya za ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge wakati wa breki), na kama springi bado imekaa kwenye kiti chake, maana shokapu ndefu kupita kiasi huiachia springi ichomoke. Mpira wangu mmoja wa breki ulikuwa umevutika kama kamba ya nguo, na gari lilikuwa limeshatembea hivyo kwa siku tatu. Sijivunii siku hizo.

Sasa upepo. Nilipata tairi za 215/75R15 zenye meno ya wastani, si zile za matope matupu ambazo huvuma kwenye lami na kuteleza mvua ikinyesha, na nikazoea kwamba mwendomita ukionyesha kilomita 100 mimi ninakwenda karibu 105. Lakini badiliko kubwa kuliko yote lilitoka kwenye kipimo kidogo cha upepo na pampu inayotumia betri ya gari. Katika mchanga ule ule ambao Jimny ilizama hadi ekseli ikiwa na psi 26 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi), nilishusha hadi 16 na ikatoka yenyewe kwa gia ya chini bila kusukumwa. Tairi lenye upepo mdogo halipanuki sana. Hurefuka, alama yake ardhini inakuwa ndefu kama kiatu badala ya fupi kama kisigino, na kwenye mawe hujikunja kufuata jiwe badala ya kudunda juu yake. Gari lenyewe lina uzito wa zaidi kidogo ya tani moja, kwa hiyo linaruhusu kushusha upepo zaidi kuliko magari mazito. Sharti ni mwendo wa polepole na usukani usiokatwa ghafla, maana chini zaidi ya hapo tairi linaweza kuvuka mdomo wa rimu, na upepo urudishwe kabla ya kukanyaga lami.

Wepesi huo ndio mtaji wa gari dogo. Bampa ya chuma niliyokuwa nimeiagiza niliipima kwa mizani nikakuta kilo 38, kabla ya winchi (mashine ya kujivuta kwa kamba), nikairudisha. Badala yake ninabeba koleo, kamba ya kuvutia inayonyumbuka, na vibao viwili vya plastiki vya kuweka chini ya matairi, na nimefunga ndoano za kuvutia zilizoshikwa na chasisi kwa bolti. Kile kichwa cha duara cha kuvutia trela hakifai kabisa kwa kazi ya kunasua. Kikivunjika huruka kama risasi.

Kazi ya bei ndogo kuliko zote ilikuwa kurefusha mipira ya kupumulia ya difu hadi juu ndani ya chumba cha injini. Difu iliyopata moto ikiingia ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani hunywea na kuvuta maji kupitia sili. Nilijua hilo kwa kufungua difu ya nyuma na kukuta oili yenye rangi ya chai ya maziwa.

Kilichobaki ni loki ya difu ya nyuma, kifaa kinachofunga magurudumu mawili ya nyuma yazunguke pamoja. Difu ya kawaida huliachia gurudumu lililo hewani lizunguke bure huku lenzake lililoshika ardhi likikaa kimya, na mara mbili nimekwama kwa namna hiyo hasa. Lakini mara zote mbili nilirudi nyuma mita moja, nikachagua mstari mwingine, nikapita. Sanduku la loki bado liko kwenye orodha yangu, na bado sijaliagiza.